Jinsi ya Kuandika Orodha ya Majina ya Mimea ya Dawa Isiyopotosha: Mwongozo Kamili kwa Wakusanyaji wa Bukavu

Kila mwaka hunifikia madaftari yaliyojaa majina ya miti ya dawa, na karibu yote yana kosa lile lile. Upande wa kushoto kuna jina lililosikika sokoni, upande wa kulia kuna jina la Kilatini lililotolewa kwenye intaneti, na katikati hakuna mmea. Aliyeandika hakuuona ukiwa na maua, hakutunza hata jani moja, wala hakumbuki nani alimtajia jina hilo na kwa lugha gani. Kazi ya miezi mitatu inakuwa haina matumizi.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Kwa siku mbili pale soko la Kadutu niliandika majina 63, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Nilipoulizwa majina hayo yalikuwa ya mimea mingapi, sikuweza kujibu, kwa sababu mengine yalikuwa majina matatu ya mmea mmoja na mengine yalikuwa jina moja la mimea miwili. Ilinibidi nianze upya.

Mwongozo huu unahusu majina peke yake: namna ya kuyauliza, kuyaandika, kuyathibitisha na kuyaunganisha na mmea wa kweli. Hautaji vipimo vya dawa wala hauponyi ugonjwa wowote, na mgonjwa anapaswa kupelekwa kwenye kituo cha afya.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

Tafuta daftari lenye jalada gumu na penseli mbili. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa sababu mvua ya hapa kwetu inaweza kukuta katikati ya mlima na wino ukayeyuka ukurasa mzima. Simu yako itatumika kupiga picha, kurekodi sauti na kuonyesha mahali ulipo, kwa hiyo iwe imejaa chaji.

Chukua rula, mkasi wa bustani au kisu kikali, bahasha za karatasi za kutia mbegu na vipande vya gome, vikaratasi vidogo vyenye uzi wa kufungia namba kwenye tawi, na glavu. Glavu si za urembo. Utomvu mweupe wa mnyaa, ule mti wa ua ambao kwa Kinyarwanda huitwa umuyenzi (Euphorbia tirucalli), ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kudhuru uwezo wa kuona.

Kwa kukausha unahitaji mbao mbili zenye upana wa karatasi kubwa, mikanda miwili ya kubana, magazeti ya zamani, na vipande vya katoni. Magazeti yakikosekana, karatasi yoyote isiyo na ung'avu inafaa, mradi inyonye maji. Karatasi ya sampuli katika hifadhi nyingi za mimea mikavu ina vipimo vya takribani sentimita 29 kwa 42, hivyo kata katoni zako kwa kipimo hicho tangu mwanzo.

Usibebe plastiki kwa ajili ya kutunzia majani kwa siku nyingi. Mfuko wa plastiki hufaa kwa saa chache tu, kutoka porini mpaka nyumbani. Baada ya hapo majani hutoa jasho na kuoza.

## Hatua ya 1: Weka mipaka ya eneo na ya lugha

Andika kwenye ukurasa wa kwanza ni vijiji au masoko gani utakayoyafikia, na ni lugha zipi utakazozipokea. Bukavu ni mji wa lugha nyingi. Katika meza moja ya muuza dawa unaweza kusikia Mashi ya Kabare na Walungu, Kihavu cha Idjwi na Kalehe, Kilega cha Mwenga na Shabunda, Kifuliiru cha Uvira, Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiswahili chetu, yote ndani ya robo saa.

Mipaka inasaidia kwa sababu jina ni la watu fulani mahali fulani. Orodha isemayo «majina ya mimea ya Kongo» haimsaidii mtu, ila orodha isemayo «majina ya Mashi yaliyokusanywa Kadutu na Kabare» inaweza kukaguliwa na yeyote anayetaka.

Fikiria pia majira. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua hunyesha, mimea mingi huchanua, na kazi ya kutambua inakuwa nyepesi ingawa kukausha kunakuwa kugumu. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kinyume chake. Kwa kazi ya mara ya kwanza nachagua mvua, kwa sababu ua lina habari nyingi kuliko jani.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa kwa maneno yanayoeleweka

Nenda kwanza bila daftari. Msalimie mama muuzaji au mzee mganga kama inavyompasa mtu wa umri wake, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani na unafanya kazi gani, kisha eleza kwamba unatafuta majina ya mimea na si siri ya kuchanganya dawa. Tofauti hiyo hufungua milango. Waganga wengi hawana ugumu wa kutaja jina la mti ambao hata mchungaji wa mbuzi anaujua, lakini wana haki ya kunyamaza juu ya mchanganyiko walioachiwa na wazazi wao.

Uliza waziwazi kama anakubali kurekodiwa sauti, na kama jina lake liandikwe au lifichwe. Protokali ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazungumzia ridhaa ya jamii zenye maarifa ya jadi kuhusu mimea na mgawo wa faida inayotokana nayo. Huhitaji kuwa mwanasheria ili kuiheshimu. Inatosha kutochukua kwa mtu kitu ambacho hakujua anakupa.

Mama wa sokoni anauza, hana muda wa bure. Nunua fungu la majani unayoyaulizia kwa bei yake, kisha uliza. Utakuwa umemlipa muda wake na umepata sampuli kwa mkono mmoja.

Onyo: usikate hata tawi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega bila kibali cha wenye mamlaka ya hifadhi. Hata nje ya hifadhi, shamba lina mwenyewe na kichaka cha kaburi kina wenyewe. Mahali ambapo usalama hauna uhakika pasubiri siku nyingine. Mmea utaota tena.

## Hatua ya 3: Uliza jina huku mmea ukiwa mbele yenu wote wawili

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote.

Swali baya ni hili: «Mama, dawa ya malaria inaitwaje?» Utapewa jina, utaliandika, na hutajua kamwe lilikuwa la nini. Swali zuri huanza na mmea ulioshikwa mkononi: «Mama, huu unauitaje?» Jibu lake sasa lina kitu cha kushikamana nacho.

Baada ya jina la kwanza, endelea polepole. Uliza jina hilo ni la lugha gani. Uliza kama kuna watu wengine wanaouita vingine. Uliza jina hilo lina maana gani, kama lina maana. Uliza kama kuna mmea mwingine wenye jina hilo hilo, na wanautofautishaje. Swali hili la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo ambalo karibu hakuna anayeliuliza. Mara nyingi utasikia kwamba kuna wa «kiume» na wa «kike», au wa porini na wa nyumbani, au wa majani mapana na wa majani membamba. Ukisikia hivyo, usiende nyumbani bila kuona yote miwili.

Jihadhari na mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni jina la dawa linalochukuliwa kuwa jina la mmea. Chupa au unga unaouzwa sokoni unaweza kuwa na mimea mitano ndani yake, na jina unalotajiwa ni la mchanganyiko. Uliza: «Jina hili ni la mti ukiwa umesimama porini, au ni la dawa ikiwa imekwisha kutengenezwa?» Gome lililosagwa, hata uambiwe nini, usiliingize kwenye orodha mpaka upelekwe ulikobanduliwa mti wenyewe.

Mtego wa pili ni jina linaloeleza tabia. Kiswahili huuita Bidens pilosa kishona nguo, kwa sababu mbegu zake zenye miiba midogo hunasa kwenye suruali ya mpita njia. Lakini Achyranthes aspera nayo hunasa, na aina za Desmodium hunasa pia, na mtoto wa kijijini anaweza kuziita zote kwa jina hilo bila kukosea, maana anataja tendo. Kwa Kinyarwanda Bidens pilosa huitwa inyabarasanya, na jina hilo linakusaidia kuubana mmea ule mmoja zaidi ya lile la kushona nguo.

Mtego wa tatu ni jina linaloeleza nguvu. Mwarobaini umepewa jina kutokana na arobaini, yaani magonjwa arobaini unayosemekana kuyaponya. Mti wenyewe, Azadirachta indica, hupenda joto la mabondeni kama lile la bonde la Ruzizi kuliko baridi ya mita 1,500 tunapokaa sisi. Kwa hiyo unapoambiwa katika milima ya Bukavu kwamba huu ni mwarobaini, simama uuangalie vizuri. Jamaa yake anayefanana naye, Melia azedarach, hupandwa barabarani kwa ajili ya kivuli na maua yake ya zambarau hafifu, na matunda yake ni sumu kwa watu. Njia ya kuwatenganisha iko kwenye jani: la mwarobaini limegawanyika mara moja, vijani vidogo vikipangana pande mbili za uti mmoja kama unyoya, la Melia limegawanyika mara mbili, uti mkuu ukitoa matawi ambayo nayo ndiyo yenye vijani. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa tofauti hiyo kwa dakika moja, na huenda ikamwokoa mtu.

Utajua umefaulu ukiwa, kwa kila jina, unaweza kuonyesha mmea uliokuwa mkononi lilipotamkwa, na unaweza kusema ni mimea gani mingine jina hilo linaweza kuibeba.

## Hatua ya 4: Andika jina kama linavyotoka kinywani

Chukua mfano wa mmea ambao kila nyumba ya Bukavu inaujua kwa uchungu wake. Kwa Mashi na kwa Kiswahili cha mjini utasikia mubirizi. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, umubirizi. Wengine huandika kwa herufi l, mubilizi. Ng'ambo ya Uganda, kwa Kiganda, ni omululuza. Yote ni Vernonia amygdalina.

Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili sanifu hushawishika kulirekebisha na kuandika «mbirizi», kwa kuwa miti ya Kiswahili sanifu huanza na m. Usifanye hivyo. Utakuwa umebuni jina ambalo hakuna mtu hata mmoja anayelitamka, na atakayekuja baada yako atazunguka masoko yote akiliulizia bila kulipata.

Andika irabu ya mwanzo ikiwa umeisikia, kama ile ya o katika omurhi, neno la Mashi la mti. Herufi rh za Mashi zina sauti yake na haziandikwi kwa r peke yake. Herufi c ya Mashi husomwa kama ch ya Kiswahili. Kama huijui lugha, rekodi sauti kwa simu, kisha umtafute anayeiandika vizuri, kwa mfano mwalimu au katekista, akusaidie kuihamisha kwenye karatasi. Usiache herufi unayoibahatisha bila alama ya swali kando yake.

Andika pia kama jina ni la mmea mzima au la sehemu yake. Kiswahili kinatofautisha mnyonyo, ambao ni mmea (Ricinus communis), na nyonyo, ambayo ni mbegu zake. Mbegu hizo ni sumu kali zikitafunwa, kwa hiyo kuchanganya jina la mmea na la mbegu kunaweza kuwa kosa lenye hatari.

## Hatua ya 5: Chukua sampuli na picha

Kata tawi lenye urefu wa sentimita 30 hivi, lenye majani, na ua au tunda ikiwezekana. Mmea mdogo ung'oe na mizizi yake ikiwa iko mingi mahali hapo. Ikiwa iko michache, piga picha tu na uuache. Funga namba kwenye tawi mara moja, kabla hujapiga hatua, na uandike namba hiyo hiyo kwenye daftari. Sampuli isiyo na namba ni majani makavu tu.

Katika daftari andika mambo ambayo ukaushaji utayafuta: rangi ya ua, harufu ya jani likifikichwa, rangi ya utomvu, urefu wa mmea, na mahali ulipoota, kama ni kando ya maji, shambani, kwenye kichaka au kwenye ua la nyumba. Ongeza tarehe, kijiji na mwinuko unaoonyeshwa na simu, ukijua kwamba mwinuko wa simu unaweza kukosea kwa makumi ya mita.

Picha ziwe nne angalau: mmea mzima ukiwa na rula au mtu kando yake, jani upande wa juu, jani upande wa chini, na ua kwa karibu. Ongeza picha ya mahali ambapo jani linaungana na shina. Wengi huisahau hii, na ndiyo inayoonyesha kama majani yanatazamana mawili mawili au yanapishana, jambo ambalo hutenganisha familia nzima za mimea.

Gusa shina. Shina la pembe nne lenye majani yanayotazamana hukuelekeza kwenye jamaa ya mnanaa, kama igicumucumu cha Kinyarwanda (Leonotis nepetifolia), ambacho maua yake ya rangi ya machungwa hukaa kwenye madonge yanayolizunguka shina ghorofa kwa ghorofa.

Onyo kubwa: usionje. Najua watu wa kwetu hutambua mubirizi kwa ulimi, na nimewaona wazee wakifanya hivyo kwa uhakika kabisa. Wao wameujua mmea huo tangu utotoni. Wewe unakutana na mimea usiyoijua. Datura stramonium, ambao kwa Kinyarwanda huitwa rwiziringa, hauhitaji kuliwa kwa wingi ili kumchanganya mtu akili na kumfikisha hospitali.

Kukausha kuanze siku hiyo hiyo. Tandaza tawi ndani ya karatasi, geuza jani moja ili upande wake wa chini uonekane, weka katoni, kisha sampuli nyingine, halafu bana kwa mbao na mikanda. Badilisha karatasi kila siku kwa siku nne za mwanzo, kwa sababu karatasi iliyolowa ndiyo inayoleta ukungu. Wakati wa mvua unaweza kuweka mbao hizo kando ya mbabula, mbali kiasi kwamba mkono wako unaweza kukaa hapo bila kuungua. Usiziweke juu ya moto. Gome na matunda manene yatie kwenye bahasha yenye namba ile ile.

Utajua umefaulu sampuli ikiwa imekauka kiasi kwamba ukiinyanyua kwa kikonyo hainingʼinii, si baridi ikiguswa kwenye shavu, na rangi ya majani haijawa nyeusi.

## Hatua ya 6: Rudia jina kwa watu wengine

Peleka sampuli au picha kwa watu wengine watatu, kila mmoja peke yake, bila kuwatajia jina ulilopewa. Ukisema «huu si ndio mubirizi?» utajibiwa ndiyo kwa adabu. Nyamaza, onyesha, subiri.

Majina yakilingana, vizuri. Yakitofautiana, yaandike yote pamoja na lugha na mahali. Tofauti hiyo ni habari, na hupaswi kuchagua jina moja na kuyatupa mengine.

## Hatua ya 7: Tafuta jina la kisayansi, polepole

Anza kwa kutafuta familia na jenasi, ndipo spishi. Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha zinafaa kama mahali pa kuanzia, lakini jibu lake ni pendekezo. Ulilinganishe na maelezo yaliyoandikwa, jani kwa jani.

Njia bora zaidi ni kuilinganisha sampuli yako na sampuli zilizokwisha kutambuliwa. Sisi wa Kivu tuna bahati ya kuwa na kituo cha utafiti cha Lwiro, upande wa Katana kaskazini mwa Bukavu, chenye herbaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu. Omba nafasi mapema, peleka sampuli zilizokauka kabisa ili usiingize wadudu kwenye hifadhi, na daftari lako liwe safi.

Kwa mubirizi, kwa mfano, swali litakuwa: una uhakika si ndugu yake? Vernonia auriculifera huota sehemu zetu hizi pia. Maua ya V. amygdalina ni meupe, ya V. auriculifera ni ya zambarau, na jani lake lina vipande viwili kama masikio pale linapoungana na shina. Ukiwa na ile picha ya maungio niliyoitaja, swali linajibika mara moja.

Aloe ndiyo inayoonewa zaidi. Kwa Kiswahili mmea huo huitwa mshubiri au shubiri, kwa Kinyarwanda igikakarubamba, na wakusanyaji karibu wote huandika «Aloe vera» bila kufikiri. Aloe vera asili yake ni Bara Arabu. Afrika ina spishi nyingi za Aloe, na ile iliyoota mwambani nyuma ya kijiji chenu huenda ikawa mojawapo ya hizo. Kama huna ua, andika «Aloe, spishi haijatambuliwa» na usione haya.

Artemisia nayo inahitaji uangalifu. Jina hilo moja, linalotamkwa sasa kama neno la Kiswahili, hubeba mimea miwili. Artemisia annua huishi msimu mmoja na ina artemisinini, ambayo viwanda huitumia kutengenezea dawa za malaria. Artemisia afra ni kichaka cha miaka mingi chenye majani ya kijivu, na haina artemisinini ya kutajika. Anayeandika «artemisia» peke yake amewaacha wasomaji wake gizani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai au unga wa mmea huo. Kama orodha yako inataja matumizi hayo, taja na msimamo huo.

Hali kadhalika kinkina. Milima yetu ina mashamba ya Cinchona, ambayo gome lake hutoa kwinini, na kwa sababu hiyo gome lolote chungu linaweza kupewa jina la kinkina sokoni. Usilikubali kwa uchungu wake.

Mwisho, angalia kama jina la kisayansi limebadilika. Vernonia amygdalina sasa huwekwa na wataalamu wengi chini ya Gymnanthemum amygdalinum. Chenopodium ambrosioides umekuwa Dysphania ambrosioides, na Clerodendrum myricoides umekuwa Rotheca myricoides. Pygeum africanum, jina ambalo bado linaonekana kwenye vibandiko vya dawa za Ulaya, ni Prunus africana, yaani muhumbahumba wa huku kwetu. Andika jina linalokubalika leo na la zamani kando yake, kwa sababu vitabu vingi vya maktaba zetu vinatumia la zamani.

## Hatua ya 8: Panga maelezo ya kila mmea

Usipange kwa jina la kienyeji peke yake. Kila mmea upewe namba yake, na majina yote yaingie chini ya namba hiyo. Ingizo kamili linaweza kuwa hivi:

Namba 14. Mubirizi (Mashi, Kadutu na Kabare, watu 4 kati ya 4). Umubirizi (Kinyarwanda, mtu 1). Maana ya jina: haikuelezwa. Mmea mwingine wenye jina hili: mmoja wa majani makubwa, ulioonyeshwa na mtu 1, tazama namba 15. Gymnanthemum amygdalinum, zamani Vernonia amygdalina. Kichaka cha mita 3, kando ya nyumba. Ua jeupe, jani chungu kwa maelezo ya watajaji. Sampuli 14, picha 5. Utambuzi: umelinganishwa na sampuli za herbaria.

Neno la mwisho, la utambuzi, lina ngazi tatu: umelinganishwa na sampuli, umelinganishwa na maelezo ya kitabu, au ni kwa picha tu. Msomaji ana haki ya kujua uzito wa kila jina, na mwandishi mwaminifu hupata nafuu kubwa anapoweza kusema «bado» pale ambapo bado.

Mimea yenye sumu iwekewe alama inayoonekana kabla ya jina. Mimea inayopungua porini nayo iwekewe alama yake. Muhumbahumba umeorodheshwa tangu mwaka 1995 kwenye Kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa sababu gome lake lilikuwa likibanduliwa kwa wingi kupelekwa nje kutengenezea dawa ya tezi dume, na mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Kwa mimea kama hiyo, taja wilaya au kijiji kwa ujumla na usichapishe alama kamili za mahali kutoka kwenye simu yako.

Orodha ikikamilika, chapa nakala, urudi Kadutu na vijijini ulikoanzia. Wasomee waliokutajia majina, kwa sauti, namba baada ya namba, huku sampuli zikiwa wazi mezani. Watakusahihisha matamshi, watabishana wenyewe kwa wenyewe, na huenda mzee mmoja akasema namba 15 ina jina ambalo hukuwahi kulisikia. Penseli yako iwe tayari.